Fundi Aliyetuma Wazee Kuomba Chai

Baba yake simjui, na mji aliotoka niliwahi kutajiwa nikausahau. Ninachokumbuka ni viatu. Mara ya kwanza kuja kwangu alivivua nje, kwenye ujia wa ghorofa ya tano, akavipanga sambamba, ncha zikitazama lifti, kama mtu ambaye hata kabla ya kuingia ameshajiandaa kukimbia. Kisha akatoa mkobani ndara za kitambaa, akazivaa, akainamisha kichwa na kuuliza mgonjwa yuko wapi. Alimaanisha kompyuta.

Jengo zima tulimwita Fundi. Watoto wa Mchungaji, jirani yetu, walimwita Uncle Computer, na wazee wachache wa Kiingereza walimwita Mjapani, lakini Fundi ndilo lililoshika, na yeye mwenyewe alilipenda nilipomweleza kwamba kwetu huitwi hivyo bila sababu. Tulikaa mtaa wa Ladywood, huko Uingereza, kwenye moja ya yale majengo marefu ambayo ukichungulia dirishani unaona mfereji upande mmoja na mji upande wa pili. Yeye alikuwa ghorofa ya saba. Mchana alifanya kazi katikati ya mji, kwenye chumba cha chini ya ardhi kilichojaa mitambo inayovuma, na alipenda kazi hiyo kwa sababu, alivyosema, mitambo haikuulizi wikendi yako ilikuwaje. Mimi nilitoka Voi, na kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee wa watu majumbani mwao, kuwaamsha, kuwaogesha na kuwasikiliza. Maneno hayajawahi kuniishia. Labda ndiyo maana tulielewana.

Siku hiyo ya kwanza nilimpikia chai. Maziwa mengi, tangawizi, sukari ya kutosha, kwenye kile kikombe changu kikubwa chenye maua. Alikunywa polepole, macho kayafumba, mpaka tone la mwisho, kisha akashukuru mara tatu. Nikajiambia, maskini, huyu amepata kitu ambacho kwao hakipo. Tangu hapo hakukanyaga kwangu bila kukuta kikombe hicho kimejaa.

Kila tatizo alilikabili kwa dawa moja: tuzime kwanza, halafu tuwashe. Nilimfundisha kulisema kwa Kiswahili, akaliandika kwenye kidaftari chake na kutembea nalo kila mahali. Kompyuta ikigoma, tuzime kwanza, halafu tuwashe. Redio, simu, mashine ya kufulia, vilevile. Siku moja alikwenda kwa Mchungaji kutazama printa, akawakuta Mchungaji na mkewe wanagombana juu ya joto la nyumba, nani amelipandisha na nani amelishusha. Fundi alisimama katikati na waya wake mkononi, uso umemwiva, akasema yale yale, sauti ikitoka kama ya mtu anayeomba msamaha. Wale wawili walipigwa na butwaa. Kila mmoja akaenda chumba chake, na baada ya nusu saa wakatoka wanacheka. Mchungaji alilihubiri neno hilo Jumapili mbili mfululizo.

Alikuwa mwoga wa watu, na siongezi chumvi. Akiingia mwanamke kwenye lifti, yeye alishuka ghorofa inayofuata, yoyote ile, akamalizia kwa ngazi. Akialikwa saa kumi alifika dakika kumi kabla, akasubiri nje kwenye mvua mpaka saa kumi kamili, kwa kuogopa kukusumbua. Na bado mtu huyohuyo alivaa koti la rangi ya chungwa lililoonekana kutoka ng'ambo ya mfereji. Nilimwuliza siku moja, wewe unayejificha hivi, koti hili la nini. Akanijibu kwamba koti ni kwa ajili ya magari. Watu, alisema, wakiona koti hawamtazami aliye ndani.

Chakula hakikumtisha. Kwa Mchungaji aliwekewa samaki na sombe, majani ya muhogo ya kwao, na wakati sisi wote tunasubiri aombe uma, yeye akakichukua kichwa cha samaki kwa vidole, akakimaliza, macho na mashavu, akabakiza mfupa mweupe. Mama Mchungaji alitangaza palepale kwamba huyu si Mzungu, wasimwite Mzungu tena katika nyumba yake.

Lakini kulikuwa na Fundi mwingine, na huyo nilikutana naye kwenye kioo cha kompyuta. Kila jioni baada ya kazi aliandika kwenye ubao mmoja wa mtandaoni wa kwao, ambako watu wasiojuana huandikiana bila majina. Alinionyesha. Maandishi yao sikuyajua, lakini niliona jinsi vidole vyake vilivyokimbia, na jinsi majibu yalivyomiminika. Huko alikuwa simba. Alitania, alibisha, alisimulia hadithi ndefu za jengo letu, na mimi mwenyewe nilikuwemo, nikiitwa Dada wa Ghorofa ya Tano. Alisema wale ni marafiki zake. Nikauliza majina yao. Hakuyajua. Mmoja ana paka, alisema, mmoja mkewe alimwacha, mmoja anaishi na mama yake na hatoki nje. Nikamwambia kwetu watu wasio na majina wala sura huitwa majini. Alicheka mpaka akashika meza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyosikia kicheko chake.

Sasa Mwende. Mwende alikuwa nesi, Mkamba wa Kitui, anakaa ghorofa ya tatu, na kicheko chake kilipita kuta mbili bila kugonga. Alikuwa akisoma huku anafanya kazi. Jambo moja lilimla: mama yake alikuwa na presha na sukari, na Mwende alikuwa hajamwona kwa miaka minne. Simu ya nyumbani ikilia, Mwende aliketi kwanza ndipo akapokea. Sote tulijua hivyo, na nataka ukumbuke kwamba tulijua.

Laptop yake ilizimika siku tatu kabla ya kupeleka kazi yake ya chuo, na kazi yote ilikuwa ndani. Alikuja kwangu analia. Nikampigia simu Fundi, akashuka upesi hata viatu akavisahau. Alikaa na mashine hiyo saa tatu mezani kwangu. Mwende aliongea muda wote: chuo, wodi, mvua, bei ya mihogo sokoni. Fundi hakugeuza kichwa hata mara moja, lakini masikio yalikuwa mekundu kama pilipili. Faili lilipopatikana, Mwende aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili akasema asante. Fundi akatoka. Alipanda mpaka ghorofa ya saba kwa miguu, na lifti ilikuwa imesimama mbele yake, wazi, haina mtu.

Kesho yake Mwende alileta sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nimpe Fundi. Sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu. Fundi aliila yote, akaiosha sahani, akaja nayo kwangu ameikumbatia. Kwao, alisema, sahani ya mtu hairudi tupu. Nikamwambia hata kwetu hairudi tupu. Alishangaa kama nimemwambia tuna bibi mmoja. Mimi nilidhani mazungumzo yameisha, kumbe kwake ndiyo yanaanza: hairudi tupu, sawa, lakini irudi na nini?

Aliwauliza majini yake. Siku tisa nzima ubao ule haukuwa na habari nyingine ila sahani ya Mwende. Kila nikikutana naye alinipa taarifa. Mwenye paka alisema keki. Aliyeachwa na mkewe alisema maua hapana, maua yanamwogopesha mtu. Mmoja alisema shairi, akazomewa na wote. Siku ya kumi Fundi alipika wali, akaufinyanga pembetatu, akaupanga kwenye sahani, akaiweka mbele ya mlango wa Mwende, akabisha, akakimbia. Mwende alikuja kwangu na sahani mkononi. Kuna mtu, alisema, ameniletea wali wa umbo la sambusa, na nimesikia miguu yake kwenye ngazi.

Aliula. Sahani ikarudi juu na chapati. Ikashuka na biskuti za kwao. Ikapanda na maandazi. Majira yote ya baridi sahani ile ilipanda na kushuka jengo letu, na katika muda huo wote wawili hao hawakuketi pamoja hata dakika tano. Hatimaye Mwende aliniambia, "Mwambie aknock tu na asimame. Mimi siumi mtu." Nilimfikishia Fundi. Uso ukamwiva, akapanda kwenda kuwaambia majini.

Na hapo ndipo majini walipofanya jambo la busara lililotuponza. Walimwambia: sisi desturi za watu hao hatuzijui, waulize watu wa kwao. Fundi akatafuta, akapata jukwaa la mtandaoni la Waafrika Mashariki walioko ughaibuni, watu wa Toronto, Dubai, Perth na kwingineko, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kubishana siasa na kukumbuka vyakula. Akawaandikia kwa Kiingereza safi: mwanamume mwenye nia njema amfuateje mwanamke wa Kikamba anayemheshimu sana, asije akamkosea?

Usiulize swali kama hilo kwa watu waliokaa mbali na kwao. Walimwangukia kama mvua ya masika. Mmoja aliyejiita Jogoo alimwambia kwa Wakamba ni mbuzi watatu, asipoteze wakati. Fundi alikuja kuniuliza kama sheria za jengo zinaruhusu mbuzi kwenye lifti, na alikuwa amekwisha kuisoma hati ya upangaji. Kisha akaingia mwanamke mmoja aliyejiita Shangazi wa Toronto, akamkemea Jogoo mbele ya watu. Mbuzi huja baadaye, aliandika. Kwanza mwanamume haendi peke yake. Anatuma wazee, naye anasimama nyuma yao. Anayekwenda peke yake anacheza. Jukwaa zima likaitikia. Fundi alichapisha mjadala wote, akautoboa matundu, akauweka kwenye faili lenye vibandiko vya rangi: kijani kwa waliokubali, njano kwa wenye shaka, nyekundu kwa Jogoo.

Alikuja na faili hilo kwangu. Akaniambia wazi kwamba nia yake ni kumwomba Mwende wanywe chai, Jumamosi, kwenye ule mkahawa wa kando ya mfereji. Hilo tu. Kisha akanisomea maneno ya Shangazi wa Toronto, akaniuliza kama nitakubali kuwa mzee wake.

Hapa ndipo nilipopaswa kusema: Fundi, nenda ukabishe. Sikusema. Nitakiri kwa nini. Nyumbani, shangazi zangu walikwenda posa kwa vigelegele, wakarudi na hadithi za mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimekaa nchi hii miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kunituma kwa jambo la furaha. Utamu ulinipanda kichwani. Nikamwambia nitakwenda, na Mchungaji nitamwomba mimi. Mchungaji, mtu wa Uvira, alikubali kabla sijamaliza sentensi, na mkewe akasema hawezi kuachwa.

Tulikwenda Jumapili mchana, moja kwa moja kutoka kanisani. Mchungaji alikuwa na suti nyeusi na Biblia kwapani. Mama Mchungaji alivaa kitenge cha rangi ya usiku na kilemba. Mimi, kwa sababu ya manyunyu, nilivaa koti langu jeusi. Fundi alikuwa ameliacha koti la chungwa juu, amevaa suti mpya, nayo nyeusi. Mikono mitupu haifai, kwa hiyo tulibeba sukari, majani ya chai na mkate. Ndani ya lifti kila mmoja alikuwa anakariri maneno yake.

Yeyote aliyeishi ughaibuni ameshajua tulichokosea. Mtu akifiwa nyumbani, ndugu zake hawampigii simu yeye. Humpigia jirani au mchungaji, kwa kuwa habari kama hiyo haipokewi peke yako kwenye chumba cha kupanga. Jirani hukusanya watu wawili watatu, wakavaa nguo za heshima, wakaja bila taarifa. Nao hubeba sukari, majani ya chai na mkate, kwa sababu kabla ya jioni nyumba itajaa wanaokuja kuhani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kusimama kwenye milango mitatu ya namna hiyo. Nilijua. Nilijua kabisa, na furaha ilinisahaulisha.

Mwende alifungua. Aliitazama Biblia. Aliitazama sukari. Akanitazama mimi.

"Ni mama," alisema. Hakuuliza.

Sisi wote tulinyamaza, kitambo kidogo tu, na kitambo hicho kilimmaliza. Mkono wake uliteleza kwenye mlango, akaketi sakafuni, akalia kilio ambacho sitaki kukieleza. Mchungaji alimwinamia.

"Mama, hapana kulia," alimwambia. "Hakuna mutu alikufa. Tulikuya juu ya mapendo."

"Mapendo gani?"

Nikaanza kueleza, na kila nilichosema kilizidi kuharibu. Posa. Siyo posa hasa. Chai. Jumamosi. Shangazi wa Toronto. Mwende alisimama, akajifuta uso kwa kiganja, akatazama nyuma yangu, alikosimama Fundi amekumbatia faili lake, hana hata tone la damu usoni.

"Na wewe," alimwuliza, "huna mdomo?"

Fundi akafungua faili. Naapa, alilifungua, akatafuta kibandiko. Mwende akafunga mlango. Tukasikia anabonyeza namba, kisha akimwita mama yake, kisha akilia upya alipoitikiwa. Mama Mchungaji aliweka sukari chini mlangoni, nami nikaiokota, maana kuiacha pale kulionekana vibaya zaidi.

Majuma mawili Mwende hakunisalimu, na alikuwa na haki. Sahani ilikuwa kwake, haikupanda. Nilikwenda kwa Fundi kumwomba radhi, nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye mwenye umri na ndiye niliyejua. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Aliniambia hapana, kosa ni lake.

"Niliuliza watu wote, Dada," alisema. "Yeye sikumwuliza."

Akanikabidhi faili, niende nikalitupe. Sikulitupa. Ninalo mpaka leo.

Majini wa pande zote mbili walipopata habari waliumia kweli. Shangazi wa Toronto aliandika kwamba amelia, kwamba hata yeye alishapokea ujumbe kama ule mlangoni kwake, na angepaswa kukumbuka. Jogoo aliomba msamaha kwa ajili ya mbuzi. Wote waliuliza, tukusaidie nini? Fundi, ambaye miezi yote alikuwa ameomba ushauri tu, safari hii aliomba kitu: yuko mtu yeyote karibu na Kitui? Akajitokeza mwanamume mmoja mwenye cyber, duka la intaneti, mjini hapohapo Kitui, ambaye alikuwa amesoma kila kitu tangu siku ya kwanza bila kuandika hata neno moja. Alisema ana kamera, na ana pikipiki.

Mimi ningekimbilia kupanga kila kitu kwa siri. Fundi alikataa. Alishuka ghorofa ya tatu kwa ngazi, peke yake, na koti lake la chungwa, akabisha, na hakukimbia. Mwende ndiye aliyenisimulia baadaye. Alimkuta amevua viatu nje, amesimama kwa soksi kwenye simenti ya baridi.

"Nimezima," alimwambia kwa Kiswahili. "Naomba niwashe." Kisha akamwuliza kama angependa kumwona mama yake uso kwa uso kwenye kompyuta.

Mwende alikuja kwangu jioni ile na sahani mkononi. Ndani ilikuwa na chapati mbili, yangu na ya Fundi. Akasema bado amenikasirikia, lakini Jumamosi niende kwake nikae naye, maana anaogopa kumwona mama amekonda.

Basi Jumamosi tukawa watatu sebuleni kwa Mwende. Kitui walikuwa wamefika mapema. Fundi alikuwa chini ya meza kwa magoti, anashikilia waya mmoja uliokuwa na tabia ya kulegea. Picha ilikuja vipandevipande. Kwanza kitambaa cha kichwani, halafu shavu, halafu macho. Mama hakuwa amekonda. Alinyoosha mkono kuigusa skrini, kidole kikawa kikubwa kimeziba kila kitu, na Mwende akakigusa kwa upande wetu. Waliongea Kikamba muda mrefu. Mimi nililia kwa lugha nisiyoielewa.

Waya ukacheza, Fundi akainua kichwa kutazama, na uso wake ukaingia kwenye kamera. Mama akabadili lugha.

"Na huyo ni nani?"

Mwende alinitazama mimi, kwa jicho la kunionya, kisha akamgeukia Fundi.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Mama anauliza wewe ni nani."

Fundi alinitazama. Maishani mwangu sijawahi kutaka kumjibia mtu kama siku ile. Nilikuwa na majibu manne tayari. Nikauma ulimi nikatazama dirishani, nikamwacha. Nilisikia anavuta pumzi.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Mimi ni fundi. Ninampenda Mwende. Nilitaka kumwomba chai."

Kwa mpangilio huo. Mwende aliweka mkono kifuani. Sauti ilichukua muda kufika Kitui. Kisha kikaja kicheko, kilekile cha Mwende kinachopita kuta mbili.

"Basi mpe chai, Mwende," mama alisema. "Si unaona mtu amepiga magoti?"

Alikuwa amepiga magoti kwa sababu ya waya. Hakuna aliyemweleza mama hivyo, na hata leo hajui.

Mengine yalikwenda yanavyokwenda. Mbuzi walifika, watatu, nyumbani kwa akina Mwende. Mwenye cyber ndiye aliyewapeleka na kuwapiga picha, na majini wa Kijapani walikaa wiki nzima wakijadili yupi ni mzuri zaidi. Kwenye harusi Mchungaji alihubiri habari ya kuzima na kuwasha, safari ya tatu. Mwenye paka alituma kadi bila jina.

Mwaka 2009 nilikuwa nimehamia Newtown, na wao walikuwa wamepata nyumba ya chini yenye kibustani. Hatukuonana mara nyingi kama zamani. Baba yangu kule Voi alikuwa amezeeka sana, na mimi nami nilikuwa nimeanza kuketi kabla ya kupokea simu. Jumamosi moja mchana mlango ukabishwa. Sikuwa nangoja mtu. Nikachungulia kwenye tundu la mlango, nikamwona Mchungaji na suti yake nyeusi. Nyuma yake Mama Mchungaji na mfuko. Nyuma yao Mwende, koti jeusi.

Nilishika ukuta. Nilisema baba, kwa sauti ndogo, na nilitamani nisifungue kabisa.

Ghafla rangi ya chungwa ikapita mbele ya tundu, kisha nikaona karatasi imewekwa pale, wima, imenyooshwa vizuri. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene, herufi kubwa zinazolingana: HAKUNA ALIYEKUFA. Na chini, kwa herufi ndogo: Ni habari njema, Dada. Fungua.

Nilicheka huku nalia, mikono ikashindwa hata kuutoa mnyororo wa mlango. Walipoingia, viatu jozi nne vilibaki ujiani, maana Fundi alikuwa ameshawaambukiza wote. Hawakukaa kwanza. Fundi alisimama mbele, hana faili, hana kidaftari, akaniambia mwenyewe kwamba Mwende ni mjamzito, kwamba nyumbani Kitui wameshaambiwa, na kwamba mtoto akiwa msichana wanaliomba jina langu. Aliniangalia machoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Niliwahi kutamani kutumwa kwenda posa. Sasa wazee walikuwa wametumwa kwangu.

Nilikwenda jikoni kupika chai, kwa sababu nisingeweza kusimama pale bila kufanya kitu. Maziwa mengi, tangawizi, sukari ya kutosha. Kile kikombe chenye maua nilihama nacho kutoka Ladywood kwa ajili yake tu. Nilimpa. Akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama, hakunywa.

"Dada," alisema, "kuna jambo lingine."

Mwende alijiziba mdomo.

"Chai ya maziwa siipendi. Tangu siku ile ya kwanza."

Nilihesabu kichwani. Ilikuwa miaka sita ya kufumba macho. Nikamwuliza kwa nini hakusema, akaniambia alikuwa hajui kusema. Mchungaji alinyoosha mkono akakichukua kikombe kile, akakinywa. Nami nilirudi jikoni, nikachemsha maji, nikampikia ya rangi, kavu, bila hata sukari. Aliinywa yote macho yakiwa wazi, kisha akaninyooshea kikombe mwenyewe na kuomba cha pili.